Siku mbili kabla ya jembe

Wiki tatu zilizopita nilipokea ujumbe kutoka Uingereza. Aliyeandika ni mama wa binti wa miaka 16. Shule ya binti huyo inaandaa safari ya siku 18 kuja Kigoma mwezi wa saba, safari ya kujitolea, na binti hapati usingizi kwa kuitamani. Mama mtu akaniuliza swali moja bila kuzunguka: je, mwanangu atawafaa kwa lolote, au hizo fedha niwatumie ninyi, yeye abaki nyumbani?

Nilimjibu kwa mistari minne siku hiyohiyo. Kisha swali likanikaa. Nikaenda nalo darasani, nikarudi nalo, nikalala nalo. Jibu refu ni hili, na ninaliandika kwa Kiswahili kwa sababu sehemu kubwa yake haimhusu yeye. Inatuhusu sisi tunaopokea: walimu wakuu, wenyeviti wa vijiji, kamati za shule, na akina mama wa Ujiji na Mwandiga wanaotandika kitanda cha ziada kwa ajili ya mtoto wasiyemjua.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Naishi Gungu, na Mama yangu yuko Ujiji kwenye nyumba niliyozaliwa. Vikundi vya vijana vikija Kigoma, mara nyingi ninayepigiwa simu ni mimi, atafutwe nani wa kutafsiri, walale wapi, wale nini. Hadi leo nimepokea vikundi vinne. Nitasimulia viwili.

Agosti 2017 walikuja vijana tisa na walimu wao. Tuliwagawa majumbani wawiliwawili, akabaki mmoja asiye na mwenzake, binti mrefu, mkimya, wa miaka 16. Nikampeleka kwa Mama.

Mama hajui Kiingereza hata neno. Ni mchuuzi wa dagaa: ananunua wabichi mwaloni Kibirizi, anawaanika, anawauzia wafanyabiashara wanaowapakia kwenye treni kwenda Tabora na Dar es Salaam. Ametusomesha watoto watano kwa dagaa. Nilipomwambia kwamba huyu amekuja kufanya kazi, alishangaa. "Kazi gani? Si ndiyo kwanza anafika?"

Asubuhi ya kwanza binti aliamka kabla ya jua, akaona ufagio umeegemea ukuta, akaanza kufagia uwanja. Mama akatoka, akamtoa ufagio mkononi taratibu, akamketisha kwenye mkeka, akamwekea chai na mihogo ya kuchemsha. Nilifika saa mbili nikamkuta yuko palepale, machozi yanamlengalenga. Alidhani amekosea. Kwenye karatasi alizopewa kwao iliandikwa kwamba atafanya kazi bega kwa bega na wenyeji, na sasa mwenyeji kamnyang'anya ufagio.

Nikamweleza msemo wetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kila mmoja wetu anaujua, na wengi tunausema tukiitazama ile siku ya tatu, mgeni asije akageuka mzigo. Mama anautazama kutoka upande wa pili. Kwake zile siku mbili ni haki ya mwenyeji. Ndizo anazozitumia kumjua aliyeingia kwake: anakula nini, anaogopa nini, anamsalimiaje mkubwa, mkono wake mwepesi au mzito. Usipozipata hizo siku mbili, jembe unampa mtu usiyemjua, na yeye analima shamba asilolijua.

Siku mbili zenyewe zikawa sita, kwa ajili ya mwezi. Walifika ukiwa unakaribia kujaa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa; kukiwa giza taa inawavuta juu, lakini mbalamwezi ikitanda wanatawanyika, taa inakosa nguvu, na wavuvi wanapumzika. Mwaloni kukawa kimya. Mama hakuwa na cha kuanika. Basi binti akakaa.

Akajifunza shikamoo, na kwamba haitupwi ukiwa unatembea: unasimama. Akajifunza kupiga hodi na kungoja. Hili la kungoja lilimpa taabu, maana alidhani ukishasema hodi ndiyo umeingia. Akajifunza kwamba ukipita mahali watu wanakula wataita "karibu", nawe hupiti kama hukusikia. Akajifunza kula ugali wa muhogo kwa mkono, na dagaa pamoja na kichwa chake. Jioni alikaa na Mama wakichagua mchele, hawana lugha ya pamoja, na nikifika nawakuta wanachekea jambo ambalo hata mimi mkalimani sikuliambulia.

Jina lake lilimshinda Mama kulitamka, akamwita Mgeni. Kwa Waswahili Mgeni ni jina la mwanamke, kwa hiyo wiki ya pili mtaa mzima ulilichukua kuwa ndilo jina lake, na yeye akaitika.

Giza lilipoanza kurudi, jembe likaja: saa kumi na moja alfajiri, daladala ya kwanza. Mliolelewa ziwani mnaijua kazi hii. Mashua zinaingia, wanawake wanazifuata majini hadi magotini na mabeseni, bei inapanda na kushuka mbele ya macho yako kulingana na mashua zilizobaki nje. Dagaa wanatandazwa mchangani au kwenye vichanja, na hapo ndipo mikono inapohitajika: kuwageuza wasishikane, kufukuza kunguru na mbuzi, kuwakusanya umande haujashuka. Dagaa wa kichanja hawana mchanga na bei yake ni nzuri zaidi, ila miti na nyavu za kutengenezea kichanja ni fedha, ndiyo maana wengi bado wanatandaza chini. Mgeni alifanya kazi hiyo siku kumi. Mgongo ulimuuma, pua ikachubuka kwa jua. Siku ya kwanza alikuwa wa nyuma kuliko wote. Siku ya kumi Mama alimwachia vichanja viwili peke yake akaenda kudai madeni yake. Wanaomjua Mama wanaelewa uzito wa jambo hilo.

Siku moja Mama alimwonesha daftari la madeni. Mgeni alikuwa mzuri wa hesabu, akaniuliza kwa nini siku dagaa wakiwa wengi na bei imeanguka Mama hanunui mara tatu ya siku zote. Nikamtupia Mama swali. Akajibu: jua ni lilelile na vichanja ni vilevile, dagaa wakikosa pa kukaukia wanaoza mchana mmoja. Mgeni aliandika hilo kwenye kitabu chake kidogo. Mimi kila mwaka nafundisha uvuvi wa Ziwa Tanganyika, na kikwazo hicho cha nafasi na jua, alichokisema Mama kwa pumzi moja, kwenye vitabu vyetu vya shule sijakikuta.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni nyingine. Mtoto wa jirani, wa miaka minne, alijikata unyayo kwa kipande cha bati. Mgeni alikuwa na kisanduku cha dawa alichofungiwa kwao. Akakimbia nacho, akampakata mtoto, akaanza kumsafisha. Mtoto akapiga mayowe, hofu zaidi ya maumivu. Mama akamshika Mgeni mkono, akatuma mtu bombani amwite mama mzazi. Alipofika ndipo kidonda kikaoshwa, yeye akiwa amempakata mwanawe, Mgeni akimpokeza kitu kimojakimoja kutoka kisandukuni. Kisha wakaenda zahanati kwa ajili ya sindano ya pepopunda.

Usiku ule Mgeni alilia. Alisema amekuja kote huku kusaidia, na siku ya pekee aliyokuwa na kitu mkononi akazuiwa. Nikamtafsiria Mama. Mama akafikiri, akasema: "Mwambie huruma yake haina kosa. Amekosea mlango." Mtoto ana mama yake, na mama yake hakuwa mbali. Ukimruka mama ukaenda moja kwa moja kwa mtoto, umeingia nyumba ya watu bila hodi, hata kama umebeba dawa.

Nimekaa na sentensi hiyo ya Mama miaka yote hii. Nimewaambia wakuu wa vikundi, nimewaambia walimu wenzangu.

Alipoondoka, Mama alimfungia dagaa kilo mbili na chupa ya mawese iliyozungushwa nailoni tatu. Mwaka 2022 akarudi. Ana miaka 21, yuko peke yake, nauli ameikusanya mwenyewe kwa kufanya kazi dukani, na Kiswahili chake kimeshakuwa cha kueleweka, kwa masomo ya mtandaoni na kwa simu za kila Idi. Akakaa miezi minne. Mara hii Mama hakumpa hata siku moja ya ugeni. Alifika jioni, alfajiri wakaenda Kibirizi. Yeye ndiye aliyempa yule mama wa Uingereza namba yangu.

Sasa kikundi kingine. Hiki kinaniuma kukisimulia kwa sababu nilikuwamo.

Mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya Mgeni kuja mara ya kwanza, nilikuwa nafundisha shule moja ya kijijini, barabara ya kwenda Kalinzi. Wananchi walikuwa wameinua boma la darasa kwa nguvu zao, msingi, mawe, tofali za kuchoma, hadi usawa wa renta. Likakaa hivyo misimu miwili ya mvua likisubiri fedha za kumalizia. Ndipo ikaja habari ya vijana 14 na walimu wao wawili: watalipia saruji, mbao na mabati, na kazi wataifanya wenyewe kwa siku kumi. Kamati ilikubali ndani ya nusu saa. Hakuna aliyeuliza swali, na mimi nilikuwa nimekaa pale na kalamu mkononi.

Vijana walibeba maji, walibeba tofali, walichanganya saruji kwa chepe hadi viganja vikatoka malengelenge. Walifanya kwa moyo, na siwezi kuwasema vibaya. Lakini fundi alikuwa na vibarua wake sita, vijana wa kijiji, ambao kazi kama hiyo ndiyo fedha yao ya kiangazi. Wakaambiwa wakae pembeni, wageni wamekuja kusaidia. Mmoja wao nilimfundisha mwenyewe hadi kidato cha nne. Alinikuta nimesimama kivulini na orodha ya majina. "Mwalimu," akasema, "hata kubeba tofali nako tumeletewa watu?"

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.

Halafu kuna suala la kalenda. Vijana hawa huja Julai na Agosti kwa sababu ndiyo likizo yao. Kwetu huo ni muhula wa pili, kidato cha pili na cha nne wanahesabu wiki kuelekea mitihani ya Novemba. Niliagizwa nitoe vipindi vyangu vya kidato cha pili ili wageni "wazungumze Kiingereza" na wanafunzi. Walimu wa miaka 16, wanafunzi wa miaka 15. Waliimba, walicheza, waliwafundisha majina ya rangi ambayo watoto wangu waliyajua tangu shule ya msingi. Vipindi vya ramani vilivyopotea nilivirudishia Jumamosi hadi Oktoba, na wale wanaotembea saa moja na nusu kufika shuleni, Jumamosi hawakuja wote. Waliokosa ndio waliokuwa wakihitaji zaidi.

Binti mmoja wa darasa lile alifanya urafiki na mgeni mmoja, wakasukana nywele, wakapeana bangili. Rafiki huyo alimwambia atarudi mwaka unaofuata. Alisema kwa mapenzi tu, kama anavyosema mtoto. Lakini kwetu ahadi ni deni, na binti yule Agosti iliyofuata alinijia mara tatu kuuliza kama kuna kikundi kinachokuja.

Mwanafunzi wangu mwingine, wa zamani, alipata nafasi ya kwenda Ujerumani mwaka mzima. Wajerumani wana mpango wa serikali yao unaoitwa weltwärts, ulioanza 2008 kwa kupeleka vijana wao wa miaka 18 hadi 28 kujitolea nchi za nje, na baadaye ukafunguliwa mlango wa pili, vijana wa huku nao waende kujitolea kwao. Alipelekwa makao ya wazee. Kabla ya yote alisoma Kijerumani. Alipofika akapewa mtu wa kumfuata: tazama anavyotandika, tazama anavyomnyanyua mzee asimuumize. Miezi ya mwanzo alisukuma viti vya magurudumu na kugawa chai. Hakuna aliyemkabidhi ukumbi wa wazee siku ya pili kwa sababu ametoka mbali na ana moyo mzuri. Alirudi ana lugha, ana kazi anayoijua, na kuna bibi kule anayemuulizia hadi leo.

Sasa kwa nini sisi tunampa mtoto wa watu darasa zima asubuhi ya kwanza? Yeye hatumtendei haki. Watoto wetu hatuwatendei haki pia, kwa sababu tunawaambia kwamba yeyote aliyeshuka kwenye ndege anaweza kuwa mwalimu wao.

Nije kwenye swali la fedha, maana ndilo alilouliza yule mama. Nilikaa na kalamu. Mwaka 2021, serikali ilipojenga madarasa kwa fedha za UVIKO-19, darasa moja lilitengewa shilingi milioni 20. Chukulia kwamba nauli ya mtu mmoja kutoka Ulaya hadi Kigoma, kwenda na kurudi, ni milioni 3 tu. Watu 16 ni milioni 48. Madarasa mawili, na chenji inabaki. Kwa hiyo kama kinachotakiwa ni darasa, hesabu imekwisha: zitumwe fedha, vibarua wa kijiji wapate kazi, fundi ajenge.

Lakini mimi naamini fedha za safari ya kijana zimeitwa jina lisilo lake. Zinaitwa msaada, wakati ni ada. Mgeni alilipa ada akaja kusoma, na mwalimu wake alikuwa mchuuzi wa dagaa wa Ujiji. Alisoma lugha, biashara, adabu, na jambo gumu la kujizuia mkono mpaka mwenye nyumba aseme karibu. Ukiiita ada, kila kitu kinakaa mahali pake. Mwanafunzi hafiki na kukabidhiwa darasa. Mwalimu analipwa, na hapa namaanisha mama mwenyeji alipwe chakula, maji na muda wake, bila kuona haya. (Mama yangu alikataa fedha mara mbili, mara ya tatu akazipokea kama "za sabuni". Nilifurahi alipozipokea.) Na hakuna kibarua anayepoteza siku yake kwa sababu mwanafunzi amekuja kufanya mazoezi.

Nikifundisha kuhusu Gombe, hifadhi ya sokwe hapa Kigoma, huwa nawakumbusha wanafunzi jinsi Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe, alivyofika hapa. Tangu alipofariki Oktoba 2025 nimelisimulia zaidi. Alikuwa na miaka 26, mwaka 1960, na wakubwa wa wakati huo hawakumruhusu msichana kukaa porini peke yake, ikabidi aje na mama yake. Walifika mjini wakakuta vurugu: Kongo ndiyo imepata uhuru, wakimbizi wanavuka ziwa, na wao wakaambiwa wasubiri, wakapiga hema kwenye uwanja wa gereza la Kigoma. Walipoingia Gombe, Julai 14, sokwe walimkimbia. Wakimwona ng'ambo ya bonde wanatoweka. Miezi ikapita anapanda kilimani na darubini, anakaa, anatazama, anashuka. Alipokuja kuona sokwe akitumia kijiti kuvua mchwa kichuguuni, Novemba, ni kwa sababu mmoja wao, yule aliyempa jina David Greybeard, alikuwa amemzoea. Mama yake naye, huko kambini, alikuwa akigawa dawa ndogondogo kwa wavuvi na familia zao, na wavuvi ndio waliomwendea.

Alianza kwa kukaa. Baadaye sana ndipo yakaja mengine, pamoja na Roots & Shoots aliyoianzisha Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12 wa sekondari, vijana wa Kitanzania wakitazama matatizo ya mtaa wao wenyewe.

Waingereza wenyewe walipita njia hii. Shirika lao la kujitolea la VSO lilipoanza mwaka 1958 lilipeleka ng'ambo vijana wa miaka 18 waliotoka tu shuleni. Kadiri miaka ilivyokwenda likageukia watu wenye taaluma na uzoefu. Wamarekani wa Peace Corps, ambao walianza kuja Tanganyika 1961, wanakaa miezi 27, na miezi ya mwanzo wanaishi kwenye familia wakisoma Kiswahili. Wao wanazo siku zao mbili, wamezirefusha tu.

Msinielewe kwamba nasema kijana wa miaka 16 au 17 hawezi kufaa kitu. Nimewaona wakifaa. Mei 2015, Warundi walipokimbia kwa maelfu wakajaa ufukwe mwembamba wa Kagunga, meli ya MV Liemba iliwabeba kuwaleta mjini, wakapokelewa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia. Kijana wa jirani yetu, kidato cha tatu, alikwenda pale kupeleka maji, akabaki siku tisa. Mama yake ni Muha, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu mno. Alisimama pembeni ya muuguzi akiuliza: tangu lini, mara ngapi, mtoto mwingine yuko wapi? Hakuwa na cheti wala fulana ya shirika. Alikuwa na lugha, na watu walimjibu kwa sababu alisalimia kama mtoto wao.

Kwa hiyo umri haunipi wasiwasi. Mtu asiye na lugha, asiye na muda, aliyepewa kazi ya mtu mwingine, huyo ndiye atakayeshindwa, awe na miaka 16 au 60.

Kuna jambo moja tu ambalo silijadili: vituo vya kulelea watoto. Kikundi cha tatu kiliomba nikipangie siku nne kwenye kituo "kucheza na yatima" nikakataa. Watoto wengi wanaoishi kwenye vituo duniani wana mzazi aliye hai. Umaskini ndio uliowatoa nyumbani. Nchini Australia, katika kuandaa sheria yao ya 2018 dhidi ya utumwa wa kisasa, bunge lao lilitambua kwamba kuna watoto wanaoondolewa kwao na kuwekwa vituoni ili kuvuta wageni na michango yao. Na hata pasipo na hila yoyote, mtoto anayekumbatiwa na watu wapya kila wiki mbili, wote wakaondoka, anafundishwa kitu gani kuhusu upendo? Mwanangu mwenyewe nisingempa mgeni wa siku nne amlalishe.

Basi yule mama nimemwandikia tena, kwa kirefu. Nimemwambia mwanao aje. Aje kama mwanafunzi, na shule yao ibadilishe karatasi zake ziseme hivyo. Kuanzia sasa hadi Julai ajifunze Kiswahili, hata maneno mia mbili, aanze na salamu. Alale kwenye familia, na familia ilipwe. Wiki ya kwanza asipangiwe kazi yoyote. Asipewe darasa; kama anataka kuwa shuleni, akae dawati la nyuma la kidato cha tatu asikilize wenzake wanavyosoma sayansi kwa lugha ya tatu, kisha mchana acheze nao mpira. Kukiwa na ujenzi, vibarua wa kijiji wabaki na walipwe, yeye awe chini yao. Na asimwahidi mtu kurudi mpaka awe na tiketi mkononi.

Amenijibu kwamba amempelekea mwalimu mwandalizi barua yangu, na kwamba mwalimu huyo hakufurahi sana, lakini amekubali kwamba wiki ya kwanza itakuwa wazi. Mambo ya madarasa bado wanajadiliana.

Upande wetu nimeanza na kamati ya shule yangu ya sasa. Jumamosi iliyopita niliwaomba kwamba kikundi chochote kikiomba kupokelewa, kabla ya kusema ndiyo tuulize mambo matatu: kinakuja wiki ipi ya muhula, kazi watakayofanya ni ya nani sasa hivi, na nani atawafundisha sisi tukiwa wenyeji. Mjumbe mmoja mzee akasema tutawafukuza wafadhili. Inawezekana. Nilimwambia kwamba mgeni anayekimbia kwa kuulizwa jina lake hakuwa amekuja kwako. Hakukubaliana nami, na kikao kimeahirishwa hadi mwisho wa mwezi.

Jana jioni nikapita Ujiji kumwambia Mama kwamba huenda Julai akapata binti mwingine. Alikuwa uani anashona wavu wa kichanja. Sikumweleza habari za ada, wala za kamati. Akaniuliza kama ana mzio wa kitu chochote, na mama yake ni mtu wa namna gani. Kisha akaniagiza nitazame kalenda, mwezi utajaa lini mwezi huo wa Julai, tumpange vizuri. Nilipokuwa naaga akaniita nirudi mlangoni.

"Muulize mama yake," akasema, "anakula mawese?"